Poda ya thabai na warfarin: dada, ngoja kwanza!

Dada, weka hiyo poda chini. Umeuliza thabai changa, ile mboga ya majani yanayowasha, inapatikana wapi hapa Nairobi, inapikwaje kwenye mukimo, na kama vijiko viwili vya poda yake kila asubuhi vitamwongezea mama damu. Halafu ukataja kwa kupita tu kwamba mama anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Hilo ndilo swali lenyewe!

Mimi nilipewa warfarin baada ya damu kuganda mguuni. INR yangu, kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ilikuwa imetulia miezi mingi, kati ya 2 na 3 kama daktari alivyotaka. Muuza miti shamba mmoja mjini akaniambia thabai inasafisha damu, na shosho zetu waliila wakazeeka. Nikamuuliza waziwazi kuhusu vidonge vyangu. Akacheka: "Mboga itagombana na dawa kwa nini?" Kicheko hicho kinanichoma hadi leo. Yeye alipata pesa zake, mimi nikapata mguu uliovimba hadi pajani na siku tisa wodini nikidungwa sindano za tumbo.

Mboga hugombana na dawa hii, tena vibaya. Warfarin huzuia kazi ya vitamini K, ambayo ini huihitaji kutengeneza protini za kugandisha damu. Thabai imejaa vitamini hiyo, sawa na sukuma wiki. Nilikunywa poda wiki tatu mfululizo bila kuwaambia watu wa kliniki, INR ikashuka hadi 1.3, yaani damu ikawa inaganda upesi tena.

Shosho walichuma vichipukizi pembeni mwa msitu, wakavichemsha hadi vikaacha kuwasha, wakavipondea kwenye viazi na mahindi. Ni chakula kitamu na mama aliyetoka kujifungua alipewa apate nguvu. Lakini shosho hawakuwa na warfarin kabatini.

Kwa hiyo shika hili: mboga za majani zisiongezeke wala kupungua ghafla, na chochote kipya kitajwe kliniki kabla hakijaingia kikombeni. Mukimo wa thabai pia. Mama akila kiasi kilekile kila wiki, daktari atapanga dozi kulingana nacho. Vidonge asiache.

Na unasema amepungukiwa damu? Mtu wa warfarin akipungukiwa damu, huenda inavuja mahali ndani. Hiyo haitibiwi kwa kijiko. Amepimwa INR lini mara ya mwisho? Choo chake ni cheusi? Nijibu leo, tafadhali.