Pazia jepesi linatoka kama nailoni: tatizo ni nini?

Swali: Habari mtaalamu. Narenda (natoa picha ya mwisho ya) sebule kwa Blender, programu ya picha za 3D, kwa injini yake ya Cycles. Pazia jepesi la dirishani nimelipa materiali ya kioo chenye ukungu kidogo, ila linatoka kama nailoni. Penye marinda pana mabaka meusi, na chumba kina giza hata nikizidisha jua. Nimekosea wapi?

Jibu: Salama, ndugu. Mambo yaliharibika ulipoanza na kioo. Kioo hupinda mwanga, lakini pazia ni nyuzi na matundu. Mwanga unaopita tunduni hunyooka, ndiyo maana mti wa nje unaonekana. Unaogonga uzi, kiasi hurudi ulikotoka na kiasi hupenya ukatawanyika upande wa pili. Huo wa kupenya ndio unaolifanya pazia liwake jua likiwa nyuma yake, na materiali yako haina mwanga huo kabisa.

Basi futa kioo. Kwenye nodi za materiali (visanduku vinavyoamua uso utashughulikia mwanga vipi), tumia Mix Shader, nodi ya kuchanganya, uchanganye Diffuse BSDF (mwanga unaorudi) na Translucent BSDF (mwanga unaopenya) nusu kwa nusu, kisha uunganishe na Transparent BSDF (mwanga unaopita tunduni) kwa Mix Shader ya pili, uwazi uwe kama asilimia 30. Rangi nyeupe isifike 1.0, mimi huishia 0.8, maana hakuna kitambaa kisichomeza mwanga hata kidogo.

Rinda likilalia jingine, asilimia 30 hiyo hushuka hadi 9, na kwenye tabaka la tatu hubaki chini ya 3. Ile mistari mizito na myepesi unayoiona kwenye pazia la kweli hutokana na hesabu hiyo, kwa hiyo usihangaike kuichora. Tena, kitambaa kikitazamwa kwa ubavu matundu hujificha. Chukua nodi ya Layer Weight, tokeo lake la Facing linaloonyesha uso umeikabili kamera au umegeuka ubavu, uitumie kupunguza uwazi pembeni mwa kila rinda. Wengi huiruka hatua hii, na kwangu ndiyo inayotenganisha kitambaa na nailoni.

Mabaka meusi ni suala la kikomo. Kila mwale ukivuka tabaka, Cycles huhesabu, na kikomo cha Transparent ndani ya mipangilio ya Light Paths huja kikiwa 8. Mwale ukikimaliza, hapo panatoka peusi. Pandisha hadi 24 au 32. Kama umeliongezea pazia unene kwa Solidify, zana ya Blender ya kunenepesha uso, uondoe, maana kila tabaka linahesabiwa mara mbili na mwanga unafifia mara mbili. Hata VRay2SidedMtl, materiali ya vitu vyembamba ya V-Ray (injini nyingine ya kurenda), imekusudiwa uso mmoja usio na unene.

Kuhusu giza, kabla hujalilaumu pazia, ficha kioo cha dirisha urende tena. Glass BSDF hairuhusu jua kupita moja kwa moja. Mwanga huingia kwa njia ya kaustiki tu, yaani miale iliyopindwa na kioo, nazo huja na chenga tele (vidoadoa kwenye picha). Chumba kikiangaza, umempata mhalifu: tumia Is Shadow Ray ya nodi ya Light Path ili miale ya kivuli, inayokagua kama mwanga unafika mahali, ikute Transparent badala ya kioo.

Na modeli yenyewe? Upana wa kitambaa uwe mara 2 hadi 2.5 ya upana wa reli. Pazia lililonyooka kama shuka kambani halitaokolewa na materiali yoyote. Picha ya ufumaji iweke tu kamera ikiwa karibu sana. Kwa mbali inaongeza chenga, halafu kisafisha chenga kinaifuta yote.