Anza na giaboksi, injini itafuata

Kila anayepita Kizota, hapa Dodoma, akaliona gari langu la viti viwili huuliza kwanza: "Umeweka injini gani?" Swali hilo nalielewa, maana hata mimi nilianzia hapo, na kuanzia hapo kulinila miezi saba na fedha ambayo ingetosha kununua vifaa vyote vilivyobaki. Wewe unayepanga kuchomelea chesisi yako mwenyewe, nakuomba uanzie kwingine. Anza na giaboksi.

Gari langu ni la mtindo ule wa Lotus Seven, ambao Colin Chapman aliuanzisha Uingereza mwaka 1957: fremu ya skwea paipu, injini mbele, matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma, paa hakuna. Injini ya kwanza niliyonunua ni 4A-FE ya Corolla. Ni injini ngumu, na spea zake zipo karibu kila duka. Lakini kwenye Corolla yake imekaa kwa upana, giaboksi na difu (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili) vimeungana ubavuni na kuzungusha matairi ya mbele. Mimi niliitaka ikae kwa urefu, ikabidi nitafute giaboksi ndefu inayoshika kwenye bloku hiyo, yaani mwili wa injini. Toyota waliitengeneza, inaitwa T50, ndiyo iliyokuwa kwenye Corolla za AE86 za mwaka 1983 hadi 1987. Nilizunguka Ilala siku tatu, duka kwa duka, sikuipata. Nikachukua giaboksi ya gari jingine na kuchongesha sahani ya chuma ya kuziunganisha. Sahani ilitoka nje ya senta kama nusu milimita. Kwa macho huioni. Baada ya wiki tatu klachi ilianza kulia, na tulipofungua, beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya injini, ilikuwa imesagika unga.

Nusu milimita tu! Ndiyo maana nasema nunua injini na giaboksi vilivyokaa pamoja kiwandani.

Baadaye nilipata Altezza RS200 ya ajali, imebondeka nyuma lakini mbele ni nzima. Hilo ndilo gari la kuchinja. Injini yake ni 3S-GE ya lita mbili, imekaa kwa urefu, gia sita za mkono, propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma) na difu vipo. Nilichukua kila kitu: kontrol boksi (kompyuta ya injini), ufunguo, pedeli ya klachi, pampu ya mafuta, hata vishikizo vya injini. Waya ndizo za kulinda zaidi. Muuzaji akishika koleo kutaka kuzikata ili injini itoke haraka, mzuie, chomoa plagi moja moja na uzifunge karatasi zenye majina. Dai pia risiti yenye namba ya injini, kwa sababu namba hiyo huandikwa kwenye kadi ya gari, na suala la usajili ukalizungumze TRA kabla hujachomelea paipu ya kwanza.

Kama Altezza ya gia za mkono imekushinda bei, ziko Mark II za GX110 zenye 1G-FE. Ni silinda sita kwenye mstari, tamu kuendesha, lakini ni ndefu na bloku ni ya chuma, kwa hiyo pua ya gari dogo huwa nzito na miguu yako hukosa nafasi. Noah za zamani za SR40 nazo zina 3S-FE iliyokaa kwa urefu, ila nyingi mitaani ni otomatiki. Mimi otomatiki kwenye gari la namna hii siwezi kuishauri.

Kabla hujalipia difu, piga hesabu. Tairi la 195/50 la rimu 15 lina mzingo wa kama mita 1.81. Kwenye gia ya moja kwa moja, ambapo propela huzunguka sawa na injini, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika na difu ikiwa ya 4.1, yaani propela mizunguko 4.1 kwa mmoja wa tairi, unakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Ukiweka difu ya 3.7 unafika 88 kwa mzunguko uleule, ila kuondoka kunakuwa kuzito kidogo. Kwa gari jepesi hiyo ya pili inafaa, hasa kama safari zako ni za Morogoro na si za kuzunguka mjini. Pima pia sampu, bakuli la oili chini ya injini. Ikining'inia chini ya fremu, matuta ya barabara zetu yataipasua.

Sasa mafuta. Nilivutiwa sana na kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, sauti yake na urahisi wake. Lakini Dodoma tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa asilimia 12 hivi kuliko Dar. Injini yenye farasi 210 pwani, hapa inabaki na kama 185, na hilo halina dawa bila turbo. Tatizo la kabureta ni kwamba haijui kuwa imepanda. Inaendelea kumwaga petroli ileile, plagi zinakuwa nyeusi kama masizi ya chungu, injini inamisi. Ukibadili jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, zikae sawa hapa, ukishuka Dar mchanganyiko unakuwa mwepesi na injini inachemka. Mfumo wa nozeli, zinazonyunyiza petroli kwa amri ya kompyuta, hupima hewa inayoingia na kujirekebisha wenyewe, Kondoa au Bagamoyo. Chukua nozeli. Na tafadhali usiache mdomo wa hewa wazi, vumbi letu la kiangazi litasaga ringi za pistoni. Weka boksi la filta lililofungwa.

Nozeli zinadai mpira wa mafuta wa presha kubwa, kwa sababu pampu inasukuma kama bar tatu. Mpira wa kabureta ulipasuka kwangu kwenye klipu, petroli ikarukia sentimita chache kutoka kwenye ekzosi. Nilizima injini haraka. Tangu siku hiyo mtungi wa kuzimia moto unakaa kando ya kiti.

Tanki nilichomelea mwenyewe, sanduku tupu lisilo na kuta ndani. Likiwa robo, kila nikikata kona ya kushoto kwa kasi petroli ilikimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, injini ikakohoa. Nilitia kuta mbili zenye matundu, nikaongeza kitanki cha lita moja kando yake: pampu ndogo inakijaza muda wote, na pampu kubwa inavuta humo. Jumamosi iliyopita nilipanda na gari milima ya Saranda kuelekea Manyoni, geji ikiwa karibu na mstari mwekundu, kona baada ya kona, na halikukohoa hata mara moja.