Conjecture ni kubahatisha au kukisia?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimesoma habari ya kesi moja kwa Kiingereza, wakili kasimama akasema maneno ya shahidi ni "conjecture" tu. Dikshenari inaniambia conjecture ni guess, sasa si angesema guess yakaisha? Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Marahaba. Dikshenari haijakudanganya ila imekuacha njiani. Guess inabeba kila kitu, hata ukifumba macho ukachagua A kwenye mtihani hiyo ni guess, sisi tunasema umebahatisha. Conjecture ni pale mtu ana dalili mbili tatu mkononi, anaziunga anapata jibu linaloelekea kuwa kweli lakini uthibitisho hana, na mimi hapo natumia kukisia. Asili yake ni Kilatini, kutupa vitu pamoja, na ukilishika hivyo halikusumbui tena.

Sasa huyo shahidi, tuseme aliona gari la mshtakiwa limepaki nje usiku, asubuhi duka limevunjwa, basi akasema ndo yeye kaiba. Gari kaliona kweli, wizi hakuuona, kaunga mwenyewe. Wakili akisema conjecture anamwambia hakimu hiyo sehemu ya kuunga asiipokee.

Ila kwenye hesabu neno hilohilo lina heshima kubwa na mimi napenda sana mfano huu. Mwaka 1742 mwanahisabati Goldbach alimwandikia mwenzake Euler barua, na kutokana nayo tuna kisio kwamba kila namba shufwa kuanzia 4 ni jumla ya namba tasa mbili, yani 10 ni 3 na 7, 28 ni 5 na 23, endelea tu. Kompyuta zimejaribu namba moja moja mpaka kupita trilioni milioni nne na hakuna hata moja iliyokataa, lakini bado inaitwa conjecture, kwa sababu kujaribu nyingi sio kuthibitisha zote. Conjecture nyingine, ya mwanahisabati Poincaré ya 1904, ilithibitishwa na Perelman, Mrusi, kwa maandiko aliyoyatoa 2002 na 2003, kwahiyo sasa ni kanuni kamili japo watu wamezoea kuiita jina la zamani.

Kutamka, mkazo uweke katikati, kan-JEK-cha. Na ni neno la maandishi na mahakamani, kwahiyo ukimnunulia mtoto zawadi ukataka akisie ni nini, mwambie "guess", conjecture hapo itamshangaza.