Kabla hujasema vifo vimeongezeka: kwa wanaoanza kazi ya takwimu za vifo

Ukipewa kwa mara ya kwanza jedwali la vifo vya nchi nzima, macho hukimbilia mahali pamoja: ugonjwa gani unaongoza, na mstari wake unapanda au unashuka. Nawaomba wote wanaojiunga na kazi hii wajizuie kidogo. Mstari ule unaweza kusogea kwa sababu tatu. Huenda watu wenyewe wamebadilika, wameongezeka au wamezeeka. Huenda namna ya kuandika vifo imebadilika. Au ni kweli kwamba ugonjwa sasa unaua zaidi, au unaua wachache kuliko zamani. Wanasiasa na waandishi wa habari huitaka hiyo ya tatu, na wanaitaka leo. Wewe huna haki ya kuitamka kabla hujazipima mbili za kwanza, na sehemu kubwa ya kazi yetu imo humo katika kuzipima.

Anzia kwenye cheti cha kifo, kompyuta itasubiri. Omba uonyeshwe vyeti vilivyojazwa kwa mkono, uvisome vingi mpaka uzoee mwandiko na mazoea ya wanaovijaza. Fomu inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili. Ya kwanza ina mistari inayoshuka: juu huandikwa hali iliyomuua mtu moja kwa moja, chini yake kilicholeta hali hiyo, na kuendelea hivyo hadi mstari wa mwisho, ambako ndiko kulipoanzia yote. Pembeni huandikwa kila hali ilidumu muda gani. Sehemu ya pili ni ya magonjwa yaliyochangia lakini hayamo katika mfululizo huo.

Tuseme cheti kinasomeka hivi: nimonia, siku nne, kiharusi, wiki tatu, shinikizo la damu, miaka kumi. Mgeni wa kazi atamhesabu marehemu kwenye nimonia kwa sababu imetangulia kuandikwa. Aliyesoma kidogo atamhesabu kwenye shinikizo la damu, kwa kuwa ndilo lililo chini kabisa. Kanuni za Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, toleo la 10, yaani kitabu kinachopa kila ugonjwa na chanzo cha kifo alama yake, zinaunganisha shinikizo na kiharusi pale vinapofuatana, kwa hiyo kifo hiki kinaingia kwenye kiharusi. Ndiyo maana shinikizo la damu huonekana dogo kwenye majedwali ya vifo wakati madaktari wanaliona kila siku kama adui mkubwa. Tumbaku nayo haimo kwenye orodha ya vyanzo vya vifo. Imejificha ndani ya saratani ya mapafu, magonjwa ya moyo na magonjwa sugu ya mapafu. Ukiulizwa kwa nini haionekani, uwe na jibu.

Kisha kuna vyeti visivyosema kitu. "Moyo kusimama." "Kushindwa kupumua." "Uzee." Kila anayekufa moyo wake husimama, kwa hiyo aliyeandika hivyo ametuambia tu kwamba mtu amekufa. Zijue alama za maelezo haya katika toleo la 10 bila kufungua kitabu: I46 ni moyo kusimama, I50 ni moyo kushindwa kufanya kazi, R54 ni uzee, R99 ni sababu isiyojulikana. Kabla hujachora mstari wa ugonjwa wowote, piga hesabu ya sehemu ya vifo iliyoangukia humo kila mwaka, kwa umri na kwa mkoa. Sehemu hiyo ikipungua kutoka theluthi hadi sudusi, vifo vilivyotoka humo vimehamia mahali pengine. Kisukari kitaonekana kimepanda, kiharusi kitaonekana kimepanda, na huenda hakuna mtu hata mmoja zaidi aliyeugua.

Japani inatupa mfano ambao kila anayeanza anapaswa kuujua. Mwaka 1995 nchi hiyo ilianza kutumia cheti kipya kilichowaelekeza madaktari wasiandike moyo kushindwa kufanya kazi kama hali ya mwisho ya marehemu. Vifo vya magonjwa ya moyo vilishuka ghafla kwenye takwimu na vya kiharusi vikapanda. Mioyo ya Wajapani ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni agizo lililochapishwa kwenye karatasi. Kwa hiyo ukikuta mstari umevunjika mwaka mmoja, uliza kwanza kama mwaka huo kulikuja fomu mpya, sheria mpya, au toleo jipya la uainishaji. Toleo la 10 lilipitishwa mwaka 1990 na la 11 lilianza kutumika rasmi Januari 2022, lakini kila nchi huhama kwa wakati wake. Ofisi makini huchukua vyeti vya mwaka uleule ikaviainisha kwa matoleo yote mawili, ili ijue sehemu gani ya mruko imeletwa na kitabu. Kama ofisi yako haijafanya hivyo, lipiganie jambo hili mapema, kwa sababu miaka kumi baadaye hakuna atakayeweza kulirekebisha.

Jambo jingine la kulijua mapema ni aibu. Mwaka 1662, John Graunt, mfanyabiashara wa London, alichapisha uchambuzi wa orodha za vifo za jiji lake, na wengi wanamhesabu kuwa ndiye aliyeanzisha fani hii. Maiti wakati ule zilikaguliwa na wanawake wazee waliolipwa na parokia. Graunt aliona kwamba vifo vya kaswende vilikuwa vichache mno kuliko ilivyoaminika, akaeleza sababu: mkaguzi akishapewa kikombe cha pombe na malipo maradufu, hawezi tena kutofautisha aliyekondeshwa na kaswende na aliyekondeshwa na kifua kikuu. Waliobaki kwenye orodha ya kaswende walikuwa watu waliochukiwa na wale ambao pua zao zilikuwa zimeliwa na ugonjwa.

Zaidi ya miaka 350 imepita na jambo hilo bado lipo. Utafiti nchini Afrika Kusini ulionyesha kwamba vifo vingi vya UKIMWI viliandikwa kama kifua kikuu, nimonia au magonjwa ya kuhara. Watu waliojiua huandikwa kuwa walizama au walianguka, kwa sababu familia imemsihi daktari, au kwa sababu bima au dini ina neno. Siwalaumu wanaomsihi. Lakini sisi tunaosoma takwimu tuna njia ya kuuona ukweli bila kumwaibisha mtu, nayo ni umri. Nimonia kwa kawaida huua watoto wadogo sana na wazee, kwa hiyo mchoro wake huwa juu mwanzoni na mwishoni, chini katikati. Ukikuta kilima kati ya miaka 25 na 45, kuna kitu kingine kimejificha pale. Chora kila chanzo kwa umri na jinsia kabla ya kukichora kwa miaka. Sijui kipimo kingine cha bei nafuu kinachofichua mengi kama hiki.

Halafu jiulize nani hayumo kabisa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilisema vifo 4 kati ya 10 duniani havisajiliwi, na kwa Kanda ya Afrika kinachosajiliwa ni kama 1 kati ya 10. Wanaokosekana hawatokei kwa bahati nasibu. Ni watoto waliokufa siku chache baada ya kuzaliwa, kabla hawajapewa jina. Ni waliofia nyumbani mbali na hospitali. Ni wale ambao hawakuacha pensheni wala hati ya kurithiwa, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya cheti. Usajili ukiboreshwa, wataanza kuonekana, na idadi ya vifo itapanda. Nimeona mikoa iliyofanya kazi nzuri ikihojiwa kwa ukali kwa sababu takwimu zake "zimeharibika". Msimamie mwenzako anayeonewa hivyo; onyesha kiwango cha usajili pamoja na idadi ya vifo, kwenye ukurasa uleule.

Pale ambapo daktari hakuwepo, tunategemea mahojiano na ndugu wa marehemu: alikuwa na homa, alikohoa kwa muda gani, alivimba wapi, alikuwa mjamzito. Mahojiano haya hufanya vizuri kwa ajali na kwa vifo vya uzazi. Hushindwa kutenganisha aina za saratani za ndani ya tumbo, au malaria na homa nyingine kali za mtoto. Usichukue matokeo yake ukayaweka kwenye safu moja na vyeti vya hospitali kana kwamba ni kitu kimoja. Na ukipata nafasi ya kwenda kuhoji, nenda. Mfiwa anayekubali kusimulia siku za mwisho za mwanawe mbele ya mgeni mwenye dodoso anatoa kitu kikubwa, na ukishalisikia simulizi moja hutaiandika tena R99 kwa haraka.

Sasa umri wa watu. Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kulinganisha viwango ghafi, yaani vifo kwa kila watu 1,000 bila kuangalia umri wao. Chukua nchi mbili za kufikirika, kila moja ina watu milioni 1. Ya kwanza ina watu 900,000 walio chini ya miaka 60, ambao hufa 3 kwa kila 1,000 kwa mwaka, na wazee 100,000 ambao hufa 40 kwa kila 1,000. Jumla ni vifo 6,700, yaani 6.7 kwa kila 1,000. Ya pili ina vijana na watu wa makamo 700,000, hufa 2 kwa kila 1,000, na wazee 300,000, hufa 30 kwa kila 1,000. Jumla ni 10,400, yaani 10.4. Nchi ya pili ina nafuu kwa vijana na kwa wazee vilevile, na bado kiwango chake ghafi kinaonekana kibaya zaidi. Ipe nchi ya kwanza mgawanyo wa umri wa ile ya pili, na vifo vyake vitafika 14,100. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, mara moja tu, ikuingie. Japani, ambako watu huishi kwa wastani wa miaka 84 hivi, ina kiwango ghafi kikubwa kuliko nchi nyingi maskini, na Qatar, iliyojaa vibarua vijana kutoka nje, ina kimojawapo cha vilivyo vidogo kabisa duniani.

Matarajio ya umri wa kuishi nayo husomwa vibaya. Yakiwa miaka 40, haina maana kwamba watu walikuwa wakifa wakiwa na miaka 40. Mara nyingi maana yake ni kwamba watoto wengi walikufa, na aliyevuka utoto aliweza kufika uzeeni. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano duniani vilizidi milioni 12 mwaka 1990, vikawa kama milioni 4.9 mwaka 2022. Badiliko hilo peke yake limeinua wastani wa nchi nyingi bila wazee wao kuongezewa miaka mingi. Hapo pia ndipo asilimia zinapodanganya. Jumla ya asilimia za vyanzo lazima iwe 100, kwa hiyo kuhara na surua vikipungua, sehemu ya saratani hupanda hata kama saratani haijamwongeza mtu mmoja. Toa idadi, toa kiwango kilichorekebishwa kwa umri, kama tulivyofanya kwa nchi zile mbili, asilimia iwe ya mwisho.

Angalia na fasili. Kwenye mfumo wa Kisovieti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 28 au akiwa na uzito chini ya gramu 1,000, akafa ndani ya siku saba, hakuhesabiwa kuwa alizaliwa hai. Nchi za Baltiki (Estonia, Latvia na Lithuania) zilipochukua fasili ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 1990, vifo vya watoto wachanga vilipanda kwenye karatasi. Watoto wale walikuwepo tangu zamani. Kabla ya hapo hapakuwa na safu ya kuwaandika.

Wakati wa maafa, weka kando orodha ya vyanzo, uhesabu vifo vyote na kuvilinganisha na vilivyotarajiwa. Baada ya kimbunga Maria kupiga Puerto Rico Septemba 2017, hesabu rasmi ilikaa kwenye watu 64, wengi wao wakiwa wale ambao vyeti vyao viliitaja dhoruba. Mwaka uliofuata, baada ya kupima vifo vilivyozidi kawaida, serikali ilikubali idadi ya 2,975. Hao wengine ni wagonjwa waliokosa umeme wa mashine zao, waliokosa dawa, waliokosa barabara ya kufika hospitalini. Kwa UVIKO-19, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9 kwa miaka ya 2020 na 2021, wakati vilivyoripotiwa vilikuwa milioni 5.4. Ili uweze kupiga hesabu hiyo unahitaji vifo vya kila wiki au kila mwezi vya miaka kadhaa ya kawaida. Kwa hiyo vikusanye sasa, wakati hakuna dharura.

Na mwaka wa mwisho kwenye mchoro wako karibu daima una upungufu. Vyeti vya vijijini huchelewa, na vifo vya mauaji, sumu na ajali hungoja polisi na mahakama, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana mauaji na kujiua huonekana kila mara "vimeanza kupungua" mwishoni mwa mstari. Chora nukta hiyo kwa mstari wa vitone, andika chini yake tarehe uliyochota takwimu, na umwombe anayekuja kuchukua mchoro asiikate sehemu hiyo ya chini.