Jibu: Shoo ipi ya laivu bado unaikumbuka?

Ndugu, umeuliza ni shoo ipi haijatutoka kichwani. Kwangu ni D.O. Misiani, gwiji wa benga, muziki wa magitaa wa Waluo, na bendi yake Shirati Jazz hapa Kisumu, miaka kadhaa kabla hajafariki mwaka 2006. Mzee alipoacha kuimba katikati ya wimbo, magitaa ya solo na besi yalianza kukimbizana, ngoma ikipanda, na hakuna aliyebaki kitini. Kwenye santuri ndogo utamu huo ulikatizwa upande ulipokwisha. Ukumbini waliurefusha mpaka wachezaji waridhike. Hapo ndipo nilipoielewa benga.

Baadaye nilimwona mwanamuziki Musa Juma na bendi yake Limpopo. Sauti tamu, rumba imeingia ndani, nilimpenda sana, Mungu amrehemu. Lakini Misiani ni Misiani! Ukisikia bendi inapiga laivu mtaani Kondele hapa Kisumu, nenda, usimame karibu na mpiga solo.