Prado 95 ya kwenda Amani: spesa au springi?

Ndugu, umeuliza uinue Toyota Prado 95 yako kwa spesa au kwa springi mpya, na pesa ni kidogo. Kwa matope ya Muheza hadi Amani, kuinua inchi 2 (milimita 50 hivi) kunatosha. Ukizidisha, sivi jointi za mbele (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye tairi) zinakaa pembe kali, buti zake za mpira zinachanika, grisi inatoka na mchanga unaingia.

Spesa, yaani kipande kinachowekwa juu ya springi au shokapu ili kuinua gari, ndiyo rahisi kwa bei, lakini ya mbele ikikaa juu ya shokapu, milimita 25 huinua gari karibu 50. Wengi hununua ya 50 wakidhani ni sawa kwa sawa! Tena spesa haiongezi nguvu ya springi. Springi iliyochoka inabaki imechoka. Kwa hiyo pesa kidogo uliyonayo anzia nyuma: springi mpya za kubeba mzigo, pamoja na shokapu ndefu zinazolingana. Shokapu za zamani hufika mwisho mapema, zikavunjika.

Mwambie fundi asikaze bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) gari likiwa juu ya jeki. Lishushwe kwanza chini, ndipo akaze, la sivyo mpira unajinyonga na kukatika. Akague paipu za breki tairi zikining'inia, na kama gari lina vali ya breki inayofuata mzigo, mkono wake urekebishwe. Kisha alaimenti, yaani kupanga tairi zikae sawa, siku hiyohiyo.