Madogo wa field, ubwiri vinyoya haukui kwenye PDA

Juzi naingia maabara nakuta petri dishi za PDA (media, yaani chakula cha viazi na sukari cha kuoteshea vimelea maabara) zimejipanga kwenye inkubeta, juu zimeandikwa kwa makapeni "ubwiri vinyoya, tango, Igombe". Nikacheka, halafu nikakasirika, maana kila mkija wa field ni hivihivi. Nawapenda wadogo zangu ila media mnatumalizia. Someni.

1. Huyu anayeleta ubwiri vinyoya, ugonjwa wa majani, sio fangasi. Mkulima anamwita ukungu, mwacheni amwite, ila wewe ujue ni oomaiseti, kimelea anayefanana na fangasi kwa sura tu, ndugu zake ni mwani wa kahawia na dayatomu, ukuta wa seli una selulosi. Ubwiri unga ndio fangasi kweli, wa kundi la askomaiseti. Hawa wawili wanachangia jina tu, ukoo hapana.

2. PDA. Hapa ndipo nilipoumia. Wakati niko kama nyie nilileta majani ya tango ya mama mmoja anayelima pale kando ya ziwa, madoa ya pembepembe yanafuata mishipa, chini ya jani kuna vinyoya vya kijivu-zambarau, yaani ugonjwa umejitaja wenyewe, lakini mimi nikasema lazima niaisoleti, yaani nimtenge kimelea nimwoteshe peke yake. Nikakata vipande, nikaosha kwa jiki, nikapanda, kikaota kitu cheusi kizuri kweli, kuangalia kwenye maikroskopu, Alternaria, fangasi wa kawaida wa majani! Nikatembea kifua mbele korido nzima. Kumbe Alternaria alikuja msibani kula wali tu, muuaji mwingine. Mwenyewe, Pseudoperonospora cubensis, anataka seli hai, jani likifa na yeye kwisha. Phytophthora, oomaiseti wale wa baka chelewa la viazi na nyanya, unaweza kuwafuga kwenye media, na mti wa ukoo wa DNA unaonyesha hawa wa ubwiri wametokea humohumo ndani ya Phytophthora, inaelekea zaidi ya mara moja, na walivyozoea kulishwa na mmea wakapoteza uwezo wa kujitegemea: jenomu ya Hyaloperonospora arabidopsidis, mmoja wa hawa wa ubwiri vinyoya, iliyotoka 2010 haina hata jeni za kutumia naitreti, chumvi ya naitrojeni. Sasa wewe unampa viazi na sukari ili iweje?

Ningeishia maabara ingekuwa afadhali. Nikampigia mama simu, nikamwambia apige tebukonazoli, dawa ya fangasi ya kundi la azoli. Azoli zinazuia utengenezaji wa ergosteroli, mafuta ya utando wa seli za fangasi, na huyu hatengenezi ergosteroli, dawa itamkamata wapi? Mama akapiga, akarudia, kwa hela ya kikoba. Naenda kuangalia, majani yote yamekauka, matango madogo yanaungua na jua. Nikatoa shikamoo, akaitikia taratibu, akaniuliza, "Mwanangu, kile kioo chenu kilisema nini?" Sikuwa na pa kuangalia. Mankozebu, dawa ya kukinga, iliyopigwa mapema ingempa angalau nafasi, na nilikuwa naijua, ndicho kinachoniuma mpaka leo.

3. Dawa ya metalaksili inawapiga oomaiseti, ila wa matango kajenga usugu sehemu nyingi, usiitegemee peke yake.

4. Chukua majani asubuhi umande haujakauka, geuza, selotepu, maikroskopu. Imeisha hiyo.

5. Angalia matawi yanayobeba sporanjia, vifuko vya mbegu za kimelea. Plasmopara, jenasi nyingine ya ubwiri vinyoya, anatoa matawi kwa pembe mraba, Pseudoperonospora kwa pembe kali. Lakini msiape kwa umbo peke yake, wa kabichi alikaa ndani ya Peronospora miaka na miaka, mpaka 2002 ndio akatolewa akapewa jenasi yake, Hyaloperonospora, kwa hiyo ukikuta jina la zamani kwenye chati ya ukutani usibishane na chati.

6. Mchicha wenye malengelenge meupe chini ya jani msiniletee mkauita ubwiri. Hiyo ni kutu nyeupe, kundi la akina Albugo, wana oda yao kwenye uainishaji. Na wao hawaishi bila mmea hai, ila walifika huko kwa njia yao wenyewe. Dogo mmoja wa Magu alinibishia hadi tukaweka kwenye maikroskopu, sporanjia hizo zimepangana mnyororo, akanyamaza. Majani mazima yaliyobaki akaenda nayo geto, akayakaanga na nyanya.